JINA NA MWENYE JINA: HISTORIA YA NDEGE WAVUMAJI WA SELASPHORUS

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani mwenye haki ya kulitoa jina hilo, wala linapatwa na nini linapotoka vinywani mwa watu wake na kuingia katika vitabu vya wageni. Katika makala haya tunakusudia kulifuata swali hilo kwa kutazama historia ya kundi dogo la ndege wa Amerika ambao wataalamu huwaita Selasphorus. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na ndege asiyeruka katika anga la Afrika? Haja ipo, nayo ni haja ya lugha. Ndege hawa wamepewa majina kwa lugha nyingi, na mojawapo ya majina hayo, neno la watu wachache wa pwani ya Kanada, limepatwa na mkasa ambao kila mwalimu wa lugha anastahili kuujua.

Ndege wenyewe

Ndege wavumaji ni ukoo mkubwa wa ndege wadogo waishio Amerika peke yake, tangu Alaska hadi ncha ya kusini ya bara hilo. Wameitwa hivyo kwa sababu ya mvumo wa mabawa yao, ambayo huenda kasi hata jicho la mtu lisiweze kuyafuata. Waweza kusimama hewani mbele ya ua bila kutua, na waweza kurudi kinyumenyume, jambo ambalo ndege wengine hawaliwezi kwa ustadi huo. Chakula chao kikubwa ni mbochi, yaani maji matamu yaliyomo katika maua, pamoja na wadudu wadogo wadogo.

Selasphorus ni jenasi moja, au tuseme mlango mmoja, katika ukoo huo. Kwa hesabu ya siku hizi mlango huu una spishi tisa. Baadhi yao hukaa milimani katika nchi za Amerika ya Kati, kama vile Costa Rica na Panama, wala hawasafiri mbali. Lakini wanne miongoni mwao huzaliana katika Marekani, na baadhi yao Kanada pia, kisha wengi wao huenda Mexico kupisha majira ya baridi. Mashuhuri kuliko wote ni yule mwenye rangi ya kutu, Selasphorus rufus. Uzito wake ni kiasi cha gramu tatu au nne tu, yaani pungufu ya uzito wa kijiko cha chai kilichojaa maji. Lakini kila mwaka huweza kusafiri kilomita zipatazo 6,000 kutoka Mexico hadi Alaska, na kurudi tena. Hakuna ndege mvumaji mwingine azaliaye kaskazini kuliko yeye.

Safari hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Wakati wa kwenda, ndege huyu hupita kandokando ya Bahari ya Pasifiki, ambako maua huwahi kuchanua kwa sababu ya ujoto wa pwani. Wakati wa kurudi, ambao huanza mapema katikati ya majira ya joto, wengi hupita milimani, katika safu za Rocky, kwa kuwa wakati huo maua ya bondeni yamekwisha kunyauka na yale ya milimani ndiyo yamefungua. Njiani hutua katika konde la maua, akalilinda kwa siku kadhaa kama mwenye shamba alindavyo mavuno yake, akafukuza hata ndege wakubwa kuliko yeye, mpaka apate mafuta ya kutosha mwilini ya kumfikisha kituo kinachofuata. Tunaweza kusema basi kwamba uhai wake wote hutegemea jambo moja: kufika penye ua siku ambayo ua liko wazi.

Waliomjua kwanza

Vitabu vingi huanza historia ya ndege huyu kwa Wazungu waliomwandika. Hilo si sahihi. Huko Mexico, anakokwenda kukimbia baridi, ndege wavumaji walikuwa wamekwisha kuwa na majina, sanaa na ibada kwa karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Wasemaji wa Kinahuatl waliwaita huitzilin, na neno hilo limo ndani ya jina la Huitzilopochtli, mungu mkuu wa vita wa Waazteki. Katika Michoacán, mji mkuu wa dola ya Wapurépecha uliitwa Tzintzuntzan, jina ambalo hufasiriwa kuwa ni mahali pa ndege wavumaji. Mafundi wa manyoya wa Mexico walitengeneza picha na mavazi kwa manyoya yao yanayometa, na baada ya mji wa Waazteki kuanguka mwaka 1521, kazi hiyo iliendelea hata katika picha za Kikristo.

Padri Mfransisko Bernardino de Sahagún, akishirikiana na wazee na waandishi wa Kinahua, alikusanya elimu ya watu hao katika vitabu 12, kazi iliyofikia tamati kiasi cha mwaka 1577. Katika kitabu cha 11 imeelezwa kwamba wakati wa kiangazi na baridi ndege mvumaji hujining'iniza mtini kwa mdomo wake kama mfu, manyoya yakampukutika, na mvua zinaporejea hufufuka. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya waliyahesabu maneno hayo kuwa ni ngano tupu. Lakini katika karne ya 20 wataalamu waliwapima ndege hawa wakati wa usiku. Mwaka 1950 Oliver Pearson wa California alitoa matokeo ya vipimo alivyowafanyia, miongoni mwao mmoja wa hao Selasphorus, yakionyesha kwamba ndege mvumaji aweza kuingia katika usingizi mzito, mwili ukapoa na matumizi ya nguvu yakapungua kupita kiasi, kisha alfajiri akaamka. Hafi, wala halali miezi. Lakini waliomtazama wakasema kwamba anafanana na mfu aliyefufuka hawakuwa wakiropoka. Walikuwa wameona jambo la kweli, wakalieleza kwa lugha yao.

Nootka, mwaka 1778

Tuelekee sasa kaskazini, kwenye ncha nyingine ya safari ya ndege huyu. Mwishoni mwa Machi 1778, merikebu mbili za Kiingereza zilizoongozwa na Kapteni James Cook ziliingia katika hori moja la kisiwa ambacho leo huitwa Vancouver, magharibi mwa Kanada. Zilikaa hapo karibu mwezi mzima zikitengenezwa milingoti. Wenyeji wa mahali hapo walikuwa Wamowachaht, na kijiji chao kiliitwa Yuquot. Cook, kwa kutoelewa aliyoyasikia, aliliita hori hilo Nootka, na jina hilo likabandikwa juu ya hori, juu ya watu na juu ya lugha yao kwa muda wa miaka 200. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo wao wenyewe walipojichagulia jina moja la pamoja, Nuu-chah-nulth.

Tarehe hizo za Machi na Aprili ndizo hasa ndege mwenye rangi ya kutu anapowasili katika pwani hiyo kutoka Mexico. Mabaharia walimwona, na vielelezo vyake vikachukuliwa hadi Uingereza. Mwaka 1782 tabibu John Latham alimweleza katika kitabu chake cha ndege, lakini kwa jina la Kiingereza tu. Mwaka 1788 Mjerumani Johann Friedrich Gmelin aliyasoma maelezo hayo ya Latham, akampa ndege jina la Kilatini: Trochilus rufus, ndege mvumaji mwekundu. Kwa kanuni za elimu ya viumbe, jina la kisayansi sharti liwe katika umbo la Kilatini. Hivyo sifa ya kumpa jina ikaenda kwa Gmelin. Msomaji aone vema mpangilio huo. Wamowachaht waliishi naye, mabaharia walimwona, Latham alimweleza, lakini aliyehesabiwa kuwa ndiye aliyempa jina ni mtu aliyesoma habari zake kitabuni. Jambo lililoamua halikuwa nani amjuaye zaidi. Lilikuwa ni lugha gani imetumika.

Neno lililohamishwa

Watu wa Yuquot walikuwa na jina lao la ndege huyu. Walimwita, nao humwita hata leo, saasin. Neno hilo lilifika Ulaya, na mwaka 1829 mtaalamu wa Kifaransa René Primevère Lesson alilitumia kumtaja ndege mmoja aliyemwita Ornismya sasin. Hapa ndipo mkasa ulipotokea. Ndege anayehusishwa na jina hilo la Lesson si yule wa Yuquot. Ni ndugu yake wa karibu, anayezaliana katika ukanda mwembamba wa pwani ya California na kusini mwa Oregon, mbali sana kusini mwa nchi ya Wamowachaht.

Kosa la namna hiyo lilikuwa rahisi kutendeka, kwa maana ndege hao wawili wanafanana mno. Majike yao hayatofautishwi kwa macho ila kwa shida kubwa, na madume hutofautishwa kwa rangi ya mgongo na umbo la manyoya ya mkia, na hata hivyo si kila mara. Mpaka mwaka 1877 ndipo Mmarekani Henry Henshaw alipotangaza kwamba huko California yupo ndege wa namna ya pekee. Alimwita Selasphorus alleni, kwa heshima ya Charles Andrew Allen, mkusanyaji wa ndege aliyemtafutia vielelezo. Baadaye ilionekana kwamba ndege huyo alikuwa amekwisha kupewa jina na Lesson, na kwa kuwa kanuni husema jina la awali ndilo lishikwalo, alleni likatupwa na sasin likarudishwa. Kwa Kiingereza, hata hivyo, ndege akabaki kuwa wa Allen.

Basi tazama yaliyotokea. Neno la Wamowachaht limehifadhiwa katika orodha za elimu za dunia nzima, lakini limehifadhiwa juu ya ndege asiye wao. Ndege wao, aliyeingia katika elimu kutoka kwenye hori lao hasa, anaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya wekundu. Jina limesafiri kupita mwenye jina, na likakaa katika nyumba ya jirani.

Jina la jenasi yenyewe lilitolewa na Mwingereza William Swainson mwaka 1832. Alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki: selas, maana yake mwanga au mwako, na phoros, maana yake mbebaji. Selasphorus basi ni mbeba mwanga. Hatuna budi kukiri kwamba ni jina zuri, maana koo la dume linapoelekea jua huwaka kama kaa la moto, na anapogeuka huzima likawa jeusi. Rangi hiyo haitokani na wino uliomo ndani ya unyoya; hutokana na umbo la unyoya wenyewe linavyoucheza mwanga. Lakini jina hilo nalo husema habari za macho tu. Halitaji mlio wa mabawa ya dume, ambao hutolewa na ncha za manyoya yake. Wala halitaji safari, ambayo ndiyo ajabu yake kubwa. Ni jina la ndege aliyetazamwa, si la ndege aliyeishiwa naye.

Ngozi, makabati na kofia

Karne ya 19 ilizidi kuwatenga ndege hawa na uhai wao. Ngozi za ndege wavumaji zilipelekwa London na Paris kwa marobota, baadhi kwa wataalamu, nyingi zaidi kwa wafanyabiashara wa mapambo. John Gould, mchapaji mashuhuri wa vitabu vya ndege, alianza mwaka 1849 kutoa kitabu kikubwa cha picha za ukoo huu, akakimaliza mwaka 1861. Mwaka 1851 alifungua maonyesho ya ndege wavumaji waliokaushwa katika bustani ya wanyama ya London, ndani ya makabati ya vioo, na watu zaidi ya 75,000 walikwenda kuwatazama, akiwemo Malkia Victoria. Hata hivyo Gould mwenyewe alikuwa hajapata kumwona hata mmoja akiwa hai. Alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1857, alipozuru Marekani, baada ya kuwaandika kwa miaka mingi. Hatusemi hayo kwa kumdharau. Kazi yake ni kubwa na bado inaheshimiwa. Twasema tu kwamba yawezekana mtu akajua idadi ya manyoya ya kitu asijue kinavyoishi.

Kutoka makabatini ndege walihamia kofiani. Mtindo wa wanawake matajiri wa Ulaya na Amerika kuvaa kofia zilizopambwa kwa manyoya, na hata kwa ndege wazima waliokaushwa, uliua ndege wa aina nyingi katika mabara mengi. Waliosimama kuupinga walikuwa pia wanawake. Mwaka 1896 huko Boston, Harriet Hemenway na binamu yake Minna Hall waliwaalika wenzao kwenye chai, wakawashawishi kuacha kofia hizo, na kutokana na mikutano hiyo kikazaliwa chama cha kuhifadhi ndege cha jimbo la Massachusetts. Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya Lacey ya kuzuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria za majimbo. Tarehe 16 Agosti 1916 Marekani na Uingereza, iliyoitawala Kanada wakati huo katika mambo ya mikataba, zilitia sahihi mkataba wa kulinda ndege wahamao, na ndege wavumaji wametajwa humo kwa jina. Mwaka 1936 Marekani ilifanya mkataba kama huo na Mexico.

Mikataba hiyo ina fikra moja iliyo mpya katika historia: kwamba yupo kiumbe asiyeweza kulindwa na nchi moja peke yake. Nchi moja ikilinda viota na nyingine ikaangamiza vituo vya njiani, ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Kwa namna fulani mikataba ilirudia kile ambacho ndege mwenyewe alikuwa akikisema kila mwaka kwa safari yake.

Pete na hesabu

Elimu ya karne ya 20 na ya 21 imemrudisha ndege kwenye uhai. Wataalamu humkamata kwa upole, wakamvisha mguuni pete ndogo mno yenye namba, wakamwachia. Tarehe 13 Januari 2010 jike mmoja wa rangi ya kutu alivishwa pete huko Tallahassee, Florida, kusini mashariki mwa Marekani. Tarehe 28 Juni mwaka huo huo alikamatwa tena Chenega Bay, Alaska, zaidi ya kilomita 5,600 kutoka alikovishwa pete. Kwa ushahidi huo mdogo wa namba mguuni, jambo lililokuwa likidhaniwa likawa hakika.

Lakini hesabu hizo zimeleta na habari za huzuni. Ndege wa rangi ya kutu wamekuwa wakipungua tangu hesabu za kila mwaka zilipoanza katika miaka ya 1960, na mwaka 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza katika daraja la viumbe walio karibu na hatari ya kutoweka. Sababu zinazotajwa ni nyingi: mabadiliko ya misitu na makonde ya maua, dawa za kuulia wadudu, na kubadilika kwa majira. Hili la mwisho lafaa kuelezwa. Tulisema kwamba uhai wake hutegemea kufika siku ambayo ua liko wazi. Katika milima ya Colorado, ambako nduguye mwenye mkia mpana huzaliana, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba theluji ikiyeyuka mapema maua ya kwanza huwahi kuchanua, na muda uliopo kati ya kufika kwa ndege na kuchanua kwa maua hayo umekuwa ukipungua. Ua halimngoji msafiri.

Funzo kwa walimu wa lugha

Yaliyompata ndege yanafanana na yaliyoipata lugha iliyomwita saasin. Kwa zaidi ya miaka 100, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, watoto wa wenyeji wa Kanada walichukuliwa kwa nguvu na kupelekwa katika shule za bweni, ambako wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali. Leo wazungumzaji wa Nuu-chah-nulth waliojifunza lugha hiyo nyumbani ni wachache na wengi wao ni wazee, ingawa walimu wa jamii hiyo wanafanya kazi kubwa ya kuwafundisha watoto. Sayansi imelihifadhi neno sasin. Haikuweza kuihifadhi lugha. Neno lililomo kitabuni bila kinywa cha kulisema ni kama ngozi iliyomo kabatini bila mabawa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati hatuhitaji kuelezwa sana adhabu ya namna hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mtoto wa shule alivyoaibishwa na kupigwa kwa kosa la kusema lugha yake, na wazee wengi wa nchi zetu wanayo kumbukumbu ya kipande cha ubao kilichotundikwa shingoni. Lakini tusiishie katika kuwalaumu wengine. Kiswahili, lugha tunayoifundisha na kuipenda, ni lugha kubwa katika nchi hizi, na lugha kubwa yaweza kutenda alilotenda Lesson bila kukusudia ubaya. Mwalimu anapomwonyesha mwanafunzi ndege wa kijijini kwake na kumwambia, "Jina lake ni hili," pasipo kumwuliza kwanza nyumbani kwao wanamwitaje, huwa ameanza kulihamisha jina.

Tutoe mfano ulio karibu na somo letu. Walimu wengi hutaka kusimulia hadithi aliyokuwa akipenda kuisimulia Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004: msitu unawaka moto, wanyama wakubwa wamesimama wakitazama, na ndege mmoja mdogo anachota maji tone kwa tone. Ndege wa hadithi hiyo ni mvumaji. Hadithi yenyewe hunasibishwa na Waquechua wa Amerika ya Kusini, na mwaka 2008 msanii Michael Nicoll Yahgulanaas, wa kabila la Wahaida wa pwani ya Kanada, aliitoa katika kitabu chenye pia maneno ya Profesa Maathai. Visiwa vya Wahaida ni miongoni mwa mahali anapozaliana ndege wetu wa rangi ya kutu. Ndivyo hadithi ilivyokwenda Amerika yote, tangu kusini hadi kaskazini, kisha ikavuka bahari hata Nyeri.

Sasa mwalimu akiisimulia kwa Kiswahili, amwite ndege huyo nani? Wako wanaopendelea kumwita chozi, kwa kuwa chozi naye ni mdogo, anametameta na hunyonya mbochi. Tunaielewa nia yao, lakini hatukubaliani nao. Chozi ni ndege wetu. Yumo katika bustani zetu, na mmoja wao hupanda hata kwenye lobelia za Rwenzori na Virunga penye baridi kali. Si wa ukoo mmoja na mvumaji. Chozi ni wa kundi kubwa la ndege waimbao, na jamaa wa karibu wa mvumaji ni teleka, wale wenye mabawa kama mundu ambao watu huwadhania kuwa mbayuwayu. Kufanana kwao kumetokana na kazi moja, si na mzazi mmoja. Tukimpa mvumaji jina la chozi tutakuwa tumefanya kama yaliyofanywa kwa saasin: tumechukua jina zuri tukalibandika juu ya ndege mwingine, na mtoto hatajua tena ni yupi aliye mlangoni kwake na ni yupi wa ng'ambo.

Basi tumwite ndege mvumaji, kama tulivyomwita katika makala haya. Ni jina lililotokana na mvumo wa mabawa yake, linalosikika katika sikio la Mswahili kama mvumo wa nyuki, na halimnyang'anyi mtu jina lake. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo waliozoea neno colibri la Kifaransa hawatapata taabu kuzoea. Na darasa likiwa na nafasi, mwalimu awaeleze wanafunzi kwamba kwao, huko pwani ya kaskazini, huyu mwenye rangi ya kutu huitwa saasin.

Majina yanaweza kusahihishwa. Mwezi Novemba 2023 jumuiya ya wataalamu wa ndege wa Marekani ilitangaza kwamba imekusudia kubadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake yaliyotokana na majina ya watu. Ndege wa Allen yumo katika hesabu hiyo. Jina la Kilatini litabaki, maana kanuni ni kanuni. Lakini jina la kila siku laweza kupewa maana nyingine. Ikiwa wao wanaweza kurudi nyuma na kuuliza upya baada ya karne moja na nusu, sisi ambao kamusi zetu bado ni changa tuna udhuru gani?

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja lisilo na gharama. Kila mwanafunzi apewe wiki moja ya kuwauliza wazee wa nyumbani kwao majina ya ndege watano, kwa lugha ya nyumbani, na sababu ya kila jina. Darasani majina hayo yaandikwe upande mmoja wa daftari, na upande wa pili liandikwe jina la Kiswahili pale lilipo. Pale lisipokuwapo, paachwe wazi mpaka litakapopatikana, wala pasijazwe kwa kukisia. Daftari hilo libaki shuleni, na darasa la mwaka unaofuata liliongezee.